Baba mdogo ana shuhuda za waliopona, mimi nina majina ya Kilatini

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana kisukari na anatumia vidonge vya hospitali. Baba mdogo amemletea unga wa mizizi, ambao yeye mwenyewe ni wakala wake, na anataka mama aachane na vidonge. Kwenye grupu la familia la WhatsApp aliweka sauti za watu wanaosema wamepona. Akasema mababu zetu walijitibu kwa miti na waliishi miaka mingi, madaktari wanatetea kampuni za dawa, mimi nadharau tiba za asili, na kama nabisha basi nithibitishe kwamba unga hautibu. Nilitafuta mtandaoni orodha ya makosa ya kimantiki nikamjibu moja moja kwa majina yake ya Kilatini, nikamalizia kwa kusema anatetea biashara yake. Shangazi zangu wakanijia juu, na mama akasema nimemkosea heshima. Nilikosea wapi, na sasa nianzie wapi? (Msomaji wa Morogoro)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya hoja, tumalize la vidonge: mama asiviache wala asipunguze dozi mpaka azungumze na kliniki yake. Hilo lisingoje mshindi wa mjadala apatikane.

Sasa tuje kwenye grupu. Orodha uliyoipata ni ya kale sana. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alichambua aina 13 za hoja zinazofanana na hoja nzuri ilhali zina ufa ndani, na mwaka 1690 Mwingereza John Locke akaipa mbinu kadhaa za kubishana majina ya Kilatini tunayoyatumia hadi leo. Ninayafundisha majina hayo na nayapenda, lakini yanamfaa mtu anayetaka kujikagua mwenyewe. Ukimtupia mzee wako jina la Kilatini mbele ya dada zake, hasikii sababu yoyote. Anasikia kwamba ameitwa mjinga kwa lugha asiyoijua. Shangazi zako walilisikia hilohilo.

Kuna jambo jingine ambalo orodha za mtandaoni hazilisemi. Karibu kila hoja ya baba yako mdogo imesimama juu ya tabia njema ya kufikiri. Kumwamini mtu aliyejionea kwa macho ni tabia njema. Kuwasikiliza waliotutangulia, kujiuliza nani ananufaika na ushauri huu, kuona kwamba kitu kilichotangulia huenda ndicho kilicholeta kilichofuata: hivyo ndivyo tunavyoishi kila siku, na mara nyingi tunapatia. Kosa huingia pale tabia hiyo inapotwishwa mzigo usio wake. Kwa hiyo kazi yako ni kuonyesha mahali hasa mzigo ulipozidi, kwa maneno ambayo hata bibi yako atayaelewa.

Nitakaa zaidi kwenye shuhuda, kwa sababu ndizo zinazomvuta mama. Hayo mengine ni mapambo.

Mwaka 2011 Tanzania nzima ilipita njia hii. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, alikuwa akigawa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, akisema ni maono aliyopewa na Mungu. Kisukari, ukimwi, saratani, presha, pumu: kikombe kimoja kwa yote. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi porini. Watu walitoka Kenya na nchi nyingine, wenye uwezo wakafika kwa helikopta, na viongozi wa serikali wakapigwa picha wakinywa.

Itazame ile foleni kwa jicho la mantiki. Mtu aliyefika alikuta magari mbele yake akasema moyoni, wote hawa hawawezi kuwa wajinga. Akajipanga. Tangu dakika ile yeye naye akawa sehemu ya ushahidi wa aliyekuja nyuma yake. Kila mmoja alimtegemea mwenzake kwamba amechunguza, na huenda hakuna hata mmoja aliyekuwa amechunguza. Wingi wa watu una uzito pale kila mmoja anapokuwa ameangalia kivyake. Wakiwa wamefuatana, watu elfu kumi wana uzito wa yule wa kwanza. Hapo usisahau methali yetu inayosaidia sana umbea: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jaribu kuikanusha uone. Jambo likionekana, methali imeshinda, lisipoonekana, linakuja. Kauli isiyoweza kushindwa kwa namna yoyote haituambii chochote kuhusu dunia, hata kama imetamkwa na wahenga.

Shuhuda za Loliondo zilitolewa lini? Nyingi zilitolewa palepale, au siku chache baada ya kikombe, na watu waliokuwa wamesafiri mbali, wamelala porini na sasa wanarudi nyumbani na matumaini. Nani katika hali hiyo hatajisikia nafuu? Ila sukari nyingi kwenye damu au virusi vya ukimwi havipimwi kwa kujisikia. Na kuna watu ambao sauti zao hazikusikika kabisa. Magazeti ya wakati ule yaliripoti wagonjwa waliofia njiani au kwenye foleni. Wengine walirudi kwao wakaendelea kuumwa kimyakimya, maana nani anapenda kutangaza kwamba aliuza mbuzi akaenda kunywa kikombe kisichomsaidia? Foleni ilikwisha yenyewe, na mchungaji alifariki miaka mingi baadaye, Julai 2021.

Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia kisa cha Diagoras, Mgiriki aliyejulikana kwa kutoiamini miungu. Alionyeshwa hekaluni picha za watu walionusurika tufani baharini baada ya kuweka nadhiri kwa miungu. Rafiki yake akamuuliza: wewe unayesema miungu haijali watu, huoni picha zote hizi? Diagoras akajibu kwamba hazipo popote picha za wale waliozama.

Basi swali lako la kumuuliza baba mdogo ni hilo moja, na halina Kilatini: waliozama wako wapi? Kati ya wote uliowauzia unga, wangapi hawakurudi, na wanaendeleaje?

Ngoja nikufanyie hesabu ya mfano. Tuseme mawakala wameuza unga kwa wagonjwa 1,000, na tuseme unga hauna kazi yoyote, ni kama unga wa muhogo. Katika watu 1,000 wenye kisukari, miezi miwili ikipita, wapo ambao vipimo vyao vitashuka kwa sababu nyingine kabisa. Wakiwa mmoja tu katika kila 20, hao ni watu 50. Watu 50 wenye furaha ya kweli, wasiodanganya, wenye majina na sauti. Wanatosha kujaza magrupu ya ukoo mzima. Wale 950 hakuna aliyewarekodi. Unaona kwamba hapa hakuna haja ya kumwita mtu mwongo. Baba yako mdogo anaweza kuwa mkweli mia kwa mia, na waliopona wakweli vilevile, na bado unga ukawa bure.

Hizo sababu nyingine ni zipi? Ya kwanza ni kwamba watu hutafuta dawa mpya siku wakiwa hoi. Sukari hupanda na kushuka. Ukianza dawa siku ilipopanda kuliko kawaida, uwezekano mkubwa ni kwamba kipimo kijacho kitakuwa chini, umekunywa unga au hukunywa. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona jambo hili mwaka 1886 akilinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: wazazi warefu kupita kiasi walikuwa na watoto warefu, ila kwa wastani si kama wao. Kilicho juu kabisa kina kawaida ya kufuatiwa na kilicho karibu zaidi na wastani. Ya pili, mtu aliyeamua kwa dhati kutumia unga huwa ameamua mengi kwa pamoja. Ameacha soda, amepunguza ugali, anatembea jioni, na mara nyingi vidonge hajaviacha kama anavyodai. Kisha sifa zote anapewa unga. Kwa sababu kimoja kilitangulia na kingine kikafuata, tunasema cha kwanza ndicho kilicholeta cha pili. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, na hakuna anayemshukuru kwa mchana.

Utauliza, sasa tutajuaje dawa inayofanya kazi? Kwa kulinganisha watu wanaofanana, waliopata na wasiopata, na kuwafuatilia wote, hata waliozama. Mtu asije akakwambia huo ni ujanja wa Wazungu usiotuhusu. Kuanzia mwaka 1970, hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kuwagawa wagonjwa wa kifua kikuu katika makundi, wengine wakipata dawa za miezi 6 na wengine utaratibu wa zamani wa miezi 18, kisha wakafuatiliwa kuona kwa nani ugonjwa utarudi. Dozi ya miezi 6 ambayo mgonjwa wa TB anapewa leo duniani ina mizizi yake hapo. Wagonjwa wetu ndio waliolithibitisha hilo.

Hoja ya mababu haihitaji muda mrefu. Kuna waliozama humo pia: tunamkumbuka babu aliyefika miaka tisini kwa sababu alifika, na watoto waliozikwa kabla ya kupewa majina hakuna anayewataja kwenye grupu. Zaidi ya hapo, ukale wa dawa ni sababu nzuri ya kuichunguza, ila hauwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi. Na ule mgawanyo wa mti upande huu na kemikali upande ule haupo. Angalia kopo la mama. Kama limeandikwa metformin, na wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani wanaanza na hiyo, basi historia yake inaanzia kwenye mmea uitwao Galega officinalis, uliotumika Ulaya tangu zamani. Ndani yake kulikuwa na kemikali inayoshusha sukari, lakini ilikuwa na sumu. Wanakemia wakatengeneza jamaa zake, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa metformin. Kwa hiyo mama hachagui kati ya mti na kidonge. Alichonacho mkononi ni mti uliokwisha kupimwa, kutolewa sumu na kuandikiwa dozi.

Hoja ya kampuni za dawa nayo ina chembe ya kweli, na ungekuwa umeshinda nusu ya vita kama ungeikubali chembe hiyo. Kampuni za dawa zinataka faida, na zimewahi kuficha matokeo mabaya. Mtu mwenye maslahi anastahili kukaguliwa kwa makini zaidi. Ila ukaguzi ndio huo: unaangalia ushahidi wake. Ukiutupa bila kuusoma kwa sababu tu ana maslahi, umemhukumu mtu na hoja umeiacha palepale. Na hapa, mwanangu, wewe na baba mdogo mmefanya jambo moja. Yeye alisema madaktari wanakula kwa kampuni, wewe ukasema yeye anakula kwa unga. Mkuki kwa nguruwe. Kama maslahi yanatosha kuangusha hoja, zote mbili zimeanguka na mama amebaki na mikono mitupu.

Anakwambia uthibitishe kwamba unga hautibu. Usikubali kubeba gunia hilo. Anayetaka mgonjwa aache matibabu yanayojulikana ndiye mwenye deni la ushahidi, kama ilivyo kwa mtu anayedai shamba ambalo mwingine analilima: yeye ndiye alete hati. Kutokuwepo kwa ushahidi kwamba kitu ni kibaya hakukifanyi kiwe kizuri. Mimi sina ushahidi kwamba maji ya kisima fulani hayatibu saratani. Hakuna aliyewahi kupima. Utayanywa?

Na hilo la kwamba unadharau tiba za asili, hapo alikulisha maneno. Hukusema hivyo. Ulisema habari ya unga mmoja na mgonjwa mmoja, naye akajibu habari ya miti yote na mababu wote, kwa kuwa hiyo ni rahisi kuitetea na inawaudhi wasikilizaji. Dawa ya kulishwa maneno ni kuyatema mapema na kwa utulivu: sijasema hivyo baba mdogo, nimeuliza habari ya unga huu tu.

Nimefika mahali ambapo wanafunzi wangu wengi hujikwaa, na nadhani nawe ulijikwaa. Ukishaonyesha kwamba hoja za mtu zina makosa, hujaonyesha kwamba anachodai ni uongo. Mtu anaweza kutetea jambo la kweli kwa sababu mbovu, na hilo hutokea kila siku. Unga wa baba mdogo unaweza, kwa bahati, kuwa na kitu ndani. Dawa mseto ya malaria tunayoiita ALu ina kiungo kilichotokana na mmea wa Kichina, Artemisia annua. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake walianza kuuchunguza kwa umakini baada ya kusoma maandishi ya karne ya 4 ya tabibu Ge Hong, aliyeagiza mmea huo uloweshwe kwenye maji na kukamuliwa. Maandishi hayo ya kale hayakuwa na ushahidi ambao leo tungeuita wa kutosha, na bado yalikuwa na jambo. Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo usimwambie baba mdogo kwamba unga ni uongo. Hujui hilo, naye atakunasa hapohapo. Mwambie kwamba mpaka sasa hajatuletea sababu ya kutosha ya mama kuacha vidonge. Hilo unalijua, na halina pa kuvunjika.

Kuna uwezekano mwingine ambao watu hawaufikirii: unga unaweza kushusha sukari kweli kwa sababu kuna mtu ameuchanganya na dawa za hospitali bila kusema. Mwaka 2008 huko Singapore zaidi ya watu 100 walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, na wengine walikufa, baada ya kutumia dawa za nguvu za kiume, za kughushi na nyingine zikiuzwa kama mitishamba, zilizokutwa na glibenclamide, dawa ya kisukari. Mama akinywa kitu cha namna hiyo juu ya vidonge vyake anaweza kuzimia. Ndiyo maana sikushauri mfanye majaribio yenu nyumbani, hata kwa wiki moja. Pakiti ya unga ipelekwe kliniki, daktari aione. Na muulize baba mdogo kwa upole kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Wakala wa kweli hachukii swali hilo.

Kuhusu kuanza upya: toka kwenye grupu kwanza. Namaanisha mjadala uutoe humo, wewe usijitoe. Mzee hawezi kubadili mawazo mbele ya shemeji na dada zake bila kushuka, na wewe ulimfungia mlango huo. Mpigie, au bora uende. Anza kwa kurudia hoja yake vizuri mpaka aseme ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema. Mkubalie yaliyo ya kweli: miti ina dawa, kampuni zinapenda fedha, watu wale kweli wanajisikia vizuri. Kisha uliza la waliozama, ukae kimya umsikilize. Badala ya sauti za WhatsApp, omba kitu kimoja: mteja mmoja mwenye kadi ya kliniki inayoonyesha kipimo cha HbA1c kabla ya unga na baada ya miezi mitatu minne, na kilichoandikwa kuhusu vidonge alivyokuwa akitumia. Kipimo hicho kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, kwa hiyo hakidanganywi na asubuhi moja nzuri. Mteja mmoja hatathibitisha kitu, kama ulivyoona kwenye hesabu ya wale 50. Ninachotaka ni baba mdogo mwenyewe aanze kuzitafuta hizo kadi, aone ni wangapi watampa na wangapi watamkwepa.

Ukitaka maneno ya kuanzia, mwandikie yeye peke yake hivi: "Shikamoo baba mdogo. Naomba radhi kwa nilivyokujibu mbele za watu, na kwa kukusemea habari ya biashara. Najua unamtakia mama uzima. Ningependa nije Jumamosi unieleze vizuri kuhusu unga, nina maswali mawili matatu. Mama ataendelea na vidonge mpaka kliniki yake ijayo, na ningeomba pakiti moja twende nayo daktari aione."

Kwenye grupu weka sentensi moja ya kuomba radhi kwa lugha uliyotumia, bila kuongeza hoja hata nusu. Shangazi mmoja akichokoza, mjibu kwa kumuuliza habari za wajukuu.